Mgeni Aliyeuliza Kabla ya Kuwasha Mashine

Nina vyumba vichache vya wageni hapa mtaani Wabera, nyuma ya nyumba yangu, na nimeona mizigo ya kila aina. Lakini yule mama wa Kizungu, dereva wa basi aliyestaafu huko kwao, ndiye wa kwanza kufungua begi refu mezani kwangu na kutoa mashine ya kutambua chuma: fimbo yenye sahani chini na kisanduku kinacholia juu. Kwao, alisema, huenda nayo ufuoni kutafuta pete na sarafu zilizopotea. Safari hii alikuja nayo likizoni.

Niliingiwa na hofu. Huku ukionekana ukizungusha kitu kama hicho porini, kabla jua halijatua mji mzima unajua umepata dhahabu.

"Usiogope, sijaiwasha," akaniambia. "Kwanza nataka kuuliza ni nini kinaruhusiwa."

Asubuhi tukaenda kwa afisa mmoja wa mambo ya utamaduni. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza bila kumficha.

"Mama, vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya taifa. Huwezi kuvitafuta bila kibali, na kibali si cha watalii. Tena ardhi kubwa ya huku ni ya jamii. Hata ukitafuta kijiko tu, lazima wenyewe wakubali. Na pale wanajeshi wanapofanyia mazoezi usikanyage kabisa. Kuna vyuma vya kulipuka."

Nilimwona akinywea. Wako wageni ambao wangebishana, au wangeitikia na kwenda kuchimba kwa siri. Yeye alishukuru, akarudi nyumbani, akaisukuma mashine chini ya kitanda, akaniomba nimfundishe kupika anjera, ile mikate yetu myembamba ya unga uliochachuka.

Tulikuwa bado jikoni aliponipigia simu binti wa shangazi yangu aliyeolewa kijijini Leparua. Birika la mifugo lilikuwa limekauka. Bomba la chuma linalotoka kisimani lilikuwa linavuja mahali fulani chini ya ardhi, na fundi aliyelilaza alishakufa. Walikuwa wamechimba na kuchimba bila kuliona. Nilipomweleza mgeni wangu, aliacha unga.

"Mashine inaweza kuliona," alisema. "Lakini tuulize."

Tukampigia afisa. Akacheka. "Bomba si kitu cha kale. Mimi sina neno. Wenye ardhi waamue."

Leparua tulipokewa na mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mrefu ambaye sauti yake ingesimamisha ngamia mtoro. Baada ya salamu mzee mmoja akauliza, "Na huyu mzungu akipata dhahabu?"

"Akipata dhahabu tutanunua bomba jipya," mwenyekiti akajibu, na watu wakacheka. Kisha akanigeukia, uso umekuwa mzito. "Mwambie mambo mawili. Asichimbe, tutachimba wenyewe. Na pale kwa mawe wamelala watu wetu. Asipeleke mashine hapo."

Nikatafsiri. Mgeni akamwangalia mwenyekiti machoni, akakubali yote mawili.

Akaanza kutembea kutoka kisimani, sahani ikipepea juu ya vumbi, na wanawake nyuma yake wakiweka jiwe kila mashine ilipolia. Karibu na makaburi mlio ukakatika ghafla. Akasimama, akazima mashine, akasubiri. Mwenyekiti akamwonyesha kwa mkono azungukie upande wa chini. Huko mashine ikalia tena.

"Kumbe fundi alizunguka!" binti wa shangazi akasema. "Sisi tumechimba moja kwa moja!"

Yule fundi aliwapitia marehemu kwa mbali, bomba likapinda kama mgongo wa ngamia, na hakuna aliyekumbuka.

Mahali pengine, nje kabisa ya mstari, mashine ililia kwa nguvu. Yule mzee akaruka na jembe. "Hapa!"

Mgeni akatikisa kichwa. "Mwambie hiyo si bomba. Sikuomba ruhusa ya hiyo." Akapita. Mwenyekiti aliuchukua mfuko wa maji ya kunywa uliokuwa ukimlemea mgeni begani, akambebea mwenyewe.

Mbele kidogo ya ile kona vijana walichokoa ardhi, wakakuta udongo umeloa chini. Wakachimba zaidi, wakakuta kiungo cha bomba kimepasuka. Wakakifunga kwa mpira wa gurudumu hadi kipya kipatikane, na alasiri maji yakaanza kuingia birikani, machafu kwanza, halafu safi. Mbuzi hawakungoja yatulie.

Siku zilizobaki za likizo mgeni wangu hakuzilala kwangu. Mwenyekiti alimwambia mtu hawezi kuleta maji kisha alale hotelini, akampa kitanda cha ngozi nyumbani kwake. Nilipokwenda kumchukua nilimkuta zizini, shuka kiunoni, akikamua mbuzi vibaya sana, na mwenyekiti akimkemea kwa sauti ile ile kama anayemkemea dada yake.