Gamba Katika Chapati za Kanisa

Mzee Palmer alilitoa mdomoni kwa ncha za vidole. Lilikuwa jeupe, kavu, kubwa kama ukucha wa mtoto. Akaliweka kando ya samaki wake. "Unga tu huu," akasema, maana watu wa Minnesota heri wafe kuliko kukwambia ukweli mezani. Kisha akaifunika sahani kwa karatasi, hakula tena. Ardis Tveit, aliyekuwa akipita na siagi, alilijua gamba la ngozi yake mwenyewe.

Hiyo ilikuwa Novemba, kwenye karamu ya kila mwaka ya kanisa la Kilutheri. Tangu usichana Ardis alikuwa akisukuma lefse, zile chapati za viazi, katika jiko la chini ya kanisa, na hakuna aliyezisukuma nyembamba kama yeye. Siku ile ile mkuu wa jiko, Lorraine Haugen, akamvuta pembeni na tabasamu lenye sukari nyingi. "Mwakani utusaidie kahawa, mpenzi. Pumzisha mikono."

Mikono yenyewe ilimtia Ardis kinyaa. Soriasisi ilikuwa imetambaa kutoka viwikoni hadi vidoleni, mabaka mekundu yaliyovimba, na juu yake magamba ya rangi ya fedha yakipukutika kila aendako. Asubuhi alikung'uta shuka dirishani kama anayekung'uta makombo, macho kayafumba. Kama alitaka kurudi kwenye meza ya unga, ngozi ile ilibidi ipone.

Hospitalini walimpa tiba ya zamani. Kwanza alisimama uchi ndani ya kabati la taa za mionzi ya urujuanimno, miwani myeusi machoni. Kisha akapakwa lami ya makaa ya mawe, akazungushiwa plastiki, akakaa hivyo kutwa, akinata kama karatasi ya kunasia nzi. Hata supu aliyoinywa ilikuwa na ladha ya barabara.

"Teremsha kioo!" dada yake Verna alifoka alipokuja kumchukua kwa gari. "Unanuka kama wanaoziba mashimo ya barabara."

"Nje kuna theluji, Verna."

"Bora nigande."

Siku moja Ardis alimuuliza muuguzi, Odell, "Hivi huu mwanga unanifanya nini hasa?"

"Chini ya ngozi yako kuna seli za kinga zilizopagawa. Zinapiga kelele kuna adui, na adui hayupo. Basi ngozi inatengeneza seli mpya mbio mbio. Zinafika juu kwa siku chache badala ya mwezi, hazijakomaa, zinarundikana. Ndiyo magamba."

"Na mwanga?"

"Unazipata hizo zinazopiga kelele, nyingi zinajifia kimya kimya. Na ngozi nayo inapunguza mwendo."

"Kumbe nimejaa maiti!"

"Sote, mama. Ngozi ya juu ya kila mtu ni seli zilizokufa. Zako tu ndizo zinaonekana."

Hebu fikiria! Garini, njia nzima ya kurudi nyumbani, Ardis alimtazama Verna akijikuna shingo, akaziwaza maiti zinazopukutika, akasogea mlangoni.

Novemba iliporudi, mikono yake ilikuwa laini, ya waridi kidogo. Lorraine aliikagua juu chini, akamnyooshea glavu za plastiki. "Kwa usalama tu, mpenzi."

Wengine wote walisukuma kwa mikono mitupu. Lorraine mwenyewe alikuwa na mafua. Tone lilijikusanya kwenye ncha ya pua yake, likarefuka, likaning'inia juu ya viazi. Akalifuta kwa kiganja, na kiganja kile kile kikarudi kwenye unga. Ardis akazikumbuka shuka zake dirishani.

"Lorraine."

"Abee?"

"Pua."

Vichwa vyote jikoni vikageuka. Jambo kama hilo halijawahi kutamkwa mle.

"Kanawe," Ardis akasema, akimrudishia glavu. "Kwa usalama tu, mpenzi. Na huo unga tupa, nitakanda mwingine."

Lorraine akaiva uso, akaenda kunawa. Ardis akakishika kifimbo cha kusukumia. Jioni Mzee Palmer alikula lefse mpaka akalegeza mkanda. Ardis hakuonja hata moja. Alikuwa akitazama mikono ya watu.