Kitambulisho cha Marehemu

Watu wa hapa Dundori wakinikuta sokoni wananishika mkono: "Hongera mama, mjukuu anaenda Uchina!" Naitikia. Ni wangu. Nimemlea tangu mama yake afe, akasoma sheria mpaka akapata nafasi ya kwenda kusomea sheria za bahari, yeye ambaye maji mengi aliyowahi kuona ni ya Ziwa Nakuru. Najivunia, sikatai. Lakini hasira niliyo nayo hakuna anayeniuliza.

Ofisi ya pasipoti walitaka kitambulisho cha mama yake, ama kama amekufa, cheti cha kifo. Nikatoa ndani ya Biblia karatasi tuliyopewa siku ya mazishi. Kijana wa dirishani akaiangalia kama ganda la kiazi.

"Shosho, hii si cheti. Hii ni ruhusa ya kuzika tu."

"Kwani nilizika nini, mbuzi?"

Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Akasema kwamba kwa serikali, binti yangu bado yuko hai. Miaka kumi na sita napalilia kaburi lake, na serikali inamhesabu mzima!

Tukatumwa ofisi ya kuandikisha vifo. Huko tulipata mama wa miwani, mpole, lakini naye alitaka kitu kimoja: kitambulisho cha marehemu, chenyewe, kirudishwe.

"Kilipotea," nikasema haraka. Ndivyo nilivyomwambia chifu wakati wa matanga.

Mjukuu wangu akanikodolea macho. Anajua kinalala chini ya mto wangu. Akanivuta kando.

"Shosho, ulidanganya chifu?"

"Sikudanganya. Aliuliza, nikalia, akaacha kuuliza."

"Na leo umelia?"

"Usiniletee sheria zako. Kamasi yako nimepangusa mimi."

"Shosho, wiki ijayo nikikosa pasipoti, nafasi inapewa mwingine. Leta tu. Nitaipiga picha na simu."

"Na simu ikiibwa?"

Akauma midomo, na huyo mtoto halii ovyo.

Watu watasema ni kadi tu. Picha zingine zote za binti yangu ni za harusi za watu, amesimama nyuma, nusu uso, bega la mtu limemfunika. Kwa hii ananiangalia mimi. Amenuna, kwa sababu mpiga picha alimwambia atoe kitambaa cha kichwa, na yeye kuamrishwa hakuwahi kupenda tangu utotoni. Serikali ilimpiga picha vizuri kuliko sisi wazazi wake, halafu ikaidai.

Kesho yake nikarudi nayo. Nilikuwa nimekasirikia serikali, nimekasirikia chifu ambaye hakunieleza kwamba ile karatasi haitoshi, na zaidi nimejikasirikia mwenyewe. Mtoto nimlee miaka hii yote, halafu mimi ndiye nimfungie mlango!

Mama wa miwani akaandika, akagonga muhuri, kisha akakitupa kitambulisho ndani ya katoni iliyojaa vingine. Kikaanguka uso chini.

"Kigeuze," nikamwambia.

"Nini, mama?"

"Kigeuze. Usimlaze kifudifudi. Huyo ni mama ya wakili."

Akainama, akakitafuta, akakigeuza. Mjukuu wangu akanishika mkono tutoke. Nilimwambia aniache kwanza, bado naangalia.