Mlio Nyuma ya Ukuta

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kelele ilipoingia kwenye hedfoni zangu niliiona kama matusi. Mtu aliyefundisha umeme miaka kumi na tisa, aliyechora saketi ubaoni hadi chaki ikamkausha vidole, hawezi kushindwa na mvumo sebuleni kwake. Ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa na kiburi hicho, na ninakisema mapema ili msomaji asinionee huruma mahali pasipofaa.

Amplifaya inayoziendesha ni kisanduku cha chuma, si kikubwa kuliko mkate. Niliinunua hapa Kitale kwa muuza elektroniki za mitumba, pamoja na hedfoni kubwa za kufunika sikio lote. Kazi yake ni kuchukua sauti nyembamba ya kompyuta na kuipa nguvu. Napenda rumba ya zamani. Napenda kusikia kidole cha mpiga gitaa kikiteleza kwenye waya, na pumzi anayovuta mwimbaji kabla ya kufungua mdomo. Baada ya wiki nzima ya kelele za wanafunzi, Jumamosi yangu ilikuwa hiyo, na nilikuwa mkali kwa yeyote aliyeigusa.

Kelele ya kwanza ilikuwa mvumo mzito usiokoma, kama mzinga wa nyuki ulio upande wa pili wa ua. Nilipokigusa kisanduku kwa kidole, ukapungua. Nikacheka peke yangu, kwa sababu hapo mwili wangu ulikuwa unafanya kazi ya waya wa erthi, ule wa kupeleka umeme wa ziada ardhini. Nilizima umeme, nikafungua soketi ukutani, na kweli, fundi aliyeiwekea nyumba nyaya alikuwa ameukunja waya wa kijani nyuma ya soketi bila kuufunga popote. Miaka yote hiyo tulikuwa tunachomeka plagi za pini mbili kwa kusukuma kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu, kama nyumba zote ninazozijua, na hakuna aliyejali. Niliufunga, nikaichomeka amplifaya kwa plagi ya pini tatu. Mvumo ukafa.

Ya pili ilikuwa mkwaruzo uliokuja kila simu yangu ilipokaribia kuita. Hiyo haikunisumbua, niliihamishia simu jikoni. Mke wangu akawa ananipokelea simu na kuwaambia watu, "Mwalimu hayuko, ameenda mbinguni, mpigie jioni." Nikadhani nimemaliza.

Hapa lazima nimlete mama, kwa sababu bila yeye kelele ya tatu isingekuwa na maana yoyote.

Mama anaishi Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Mke wangu alizaliwa Endebess, katika familia isiyo ya kabila letu, iliyotoka Mkoa wa Kati zamani ikaja kulima mahindi huku Trans-Nzoia. Nilipomwoa, mama hakusema neno baya. Hakusema neno lolote. Kwetu Wabukusu mgeni haondoki mikono mitupu, na mama ni mtu wa kutoa sana: kuku aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi, simsim. Lakini kwa miaka kumi na miwili kila kitu alikiweka mkononi mwangu, mke wangu akiwa amesimama pale pale. Mke wangu aliliona. Nami niliona, nikajifanya sioni, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi.

Kisha mwaka huu, mwisho wa Juni, tulipokuwa tunaaga, mama akamwita mke wangu jikoni, yeye peke yake. Akatoka na kikapu cha mayai arobaini na mawili yaliyolazwa kwenye pumba za mahindi. Nilisimama mlangoni nikasikia.

"Hii ni yako, si ya huyu," mama alimwambia. "Nimekusanya wiki mzima. Weka kwa ile mashine yako, upate kuku ya kwetu."

Mke wangu hufuga kuku, na ana mashine ya kutotoa vifaranga, sanduku la mbao lenye balbu, feni ndogo na kidhibiti joto. Aliyapakata mayai hayo mapajani hadi Kitale. Jumatano aliyapanga kwenye mashine iliyo stoo, kila yai akiwa amelichora alama ya penseli upande mmoja na duara upande wa pili, ili ajue yapi yamegeuzwa. Nilimwona akifanya kazi ile huku akiimba kwa sauti ya chini. Watoto wetu wako bweni, nyumba ilikuwa kimya, na nilifurahi kwa ajili yake. Nilifurahi kwa kweli.

Jumatano hiyo hiyo kelele ya tatu ikaanza. Ilikuwa mlio mdogo mkavu, tik, halafu kimya cha dakika mbili tatu, halafu tik tena. Mvumo mtu anaweza kuuzoea. Huu ulinifanya nikae nikiusubiri, na wimbo mzima ukapita sijausikia.

Jumamosi asubuhi mke wangu alikwenda Endebess kumwona baba yake aliyekuwa na homa. Angelala huko. Alinipa maagizo mawili: nigeuze mayai asubuhi na jioni, na nisiache trei ya maji ikauke.

"Utakumbuka kweli, Mwalimu?"

"Mimi ni mtoto?"

"Si nimeuliza tu."

Alipoondoka niliyageuza mayai, nikajaza maji, nikakaa na hedfoni. Tik. Nikaanza kuwinda. Nilizima friji, nikasikiliza. Tik. Nikachomoa televisheni na king'amuzi chake. Tik. Nikazima balbu ya nje. Mwishowe nikavua hedfoni, nikaweka sikio ukutani, na nikaona aibu kwamba nilichelewa kiasi hicho. Stoo iko nyuma ya ukuta ule, na soketi zote mbili zinakula waya mmoja. Joto la mashine likifika kiwango, kidhibiti hukata balbu, likishuka, huiwasha. Kila mara cheche ndogo hupita kwenye waya, na amplifaya ikaipokea na kuikuza kwa uaminifu wote.

Nikaichomoa mashine. Dakika tano tu, nilisema, nihakikishe.

Sijui nitaueleza vipi ukimya ule. Nilisikia kiti cha mpiga ngoma kikilia. Nilisikia mwimbaji akimeza mate. Nilimaliza wimbo mmoja, nikaweka wa pili, nikarudia wa kwanza. Mvua ya Kitale ya mwezi wa saba ilishuka na kuisha na sikuisikia. Jioni nilikula viporo nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda, nikalala. Jumapili nikaenda kanisani, nikaimba.

Niliikumbuka mashine nilipofungua friji nikitafuta maziwa. Nilikimbia stoo. Kioo cha mashine kilikuwa cheusi. Nilitia mkono ndani, na mayai yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Zaidi ya saa ishirini na nne, katika baridi ile. Mimi ndiye ninayefundisha watoto jinsi kitu kinavyopoteza joto. Ningeweza kuchora grafu yake.

Nilichofanya ni hiki. Nilichomeka mashine. Niliongeza maji, nikageuza mayai yote arobaini na mawili, nikasimama pale hadi kipimajoto kikarudi thelathini na saba na nusu. Jioni mke wangu alirudi, akaenda stoo kabla hata ya kuvua viatu, akatoka akitabasamu.

"Umechunga vizuri. Asante sana."

Nikasema karibu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata aliyapima. Alizima taa, akaweka yai moja moja juu ya tochi ya simu. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotanda kama mizizi. La kwanza lilikuwa tupu. La pili tupu. Nilishika trei na kuhesabu naye. Hadi la arobaini na mbili, yote matupu. Alipomaliza, alipasua matatu kwenye bakuli, akayatazama.

"Haya hayakuwa na jogoo," alisema. "Amenipatia mayai ya kukaanga."

"Labda hakujua."

"Mama yako? Mwenye amefuga kuku tangu azaliwe? Alijua. Miaka kumi na mbili hakunipa kitu, na siku ya kunipa ananipa hii. Si afadhali angeniacha tu."

Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema. Vifaranga vile vilivyokuwa vinaanza kuumbika vilikufa mapema mno hata havikuacha alama ambayo tochi yake ingeionyesha, na mimi nililijua hilo, na nilinyamaza. Nilijiambia ataghadhibika, kisha itapita. Nilijiambia ni mayai tu. Yote hayo yalikuwa uongo. Niliogopa kuonekana mjinga mbele yake, na nikamwacha mama abebe lawama.

Mke wangu alimpigia mama simu, kwa adabu ya kutisha. "Mama, mayai yalikataa yote." Nilisikia sauti ya mama, ndogo: "Nimesikia." Hawakuzungumza tena. Mwezi mzima nilisikiliza muziki wangu safi kabisa, usio na hata punje ya kelele, na sikuweza kumaliza wimbo mmoja.

Agosti mama akatuita. Mke wangu akasema ana kazi. Nikaenda peke yangu.

Mama alikuwa amepika. Aliniwekea ugali na bakuli la kuku, na kwenye sahani yangu akaweka firigisi, kipande ambacho kwetu hupewa mwanamume anayeheshimiwa. Nyama ilikuwa ngumu, ya kuku aliyeishi miaka.

"Kura, baba," alisema. Mama hajawahi kutofautisha l na r, na sisi watoto wake tulimcheka hadi tukazeeka nayo. "Ni ile jogoo. Kumbe ilikuwa inanidanganya. Inapanda kuku bure, inapiga kelele tu asubuhi. Nimeaibika kwa bibi yako. Nikasema wacha nichinje, nitafute nyingine, nimpatie mayai mzuri."

Nilikuwa tayari nimemeza tonge la kwanza. Niliisukuma firigisi ile pembeni ya sahani.

"Mama, jogoo hakuwa na makosa."

Nikamweleza. Alisikiliza bila kuacha kula.

"Ulizima mashine ukifanya nini?"

"Nilikuwa nasikiliza muziki."

"Muziki," alisema. Akanawa mikono polepole, akaifuta kwenye leso. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. "Sasa usimwambie bibi yako. Mimi amezoea kunikasirikia. Wewe mnalala nyumba moja."

Nilirudi Kitale na maneno hayo, na aibu yake ilikuwa nzito kuliko ya mayai. Mke wangu alikuwa anachambua maharagwe. Aliuliza mama amesema nini, bila kuinua macho.

"Alichinja jogoo. Alidhani hazalishi tena."

Mkono wake ukasimama kwenye ungo. "Ati alichinja? Kwa sababu ya mayai yangu?" Machozi yakamjaa. "Kumbe hakukusudia. Na mimi nimemtukana kwa roho mwezi mzima."

Ningeweza kuishia hapo. Kila mtu angepona, isipokuwa jogoo. Nilimtazama akifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye vumbi la maharagwe, akimsamehe mama kosa ambalo mama hakulifanya, na sikuweza. Nikasema yote.

"Ile Jumamosi ya Endebess?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na Jumapili nikakushukuru."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Alichukua simu akatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona akitembea kati ya banda la kuku na bomba la maji, akiongea na mama. Walizungumza hadi chai yangu ikapoa. Sikuwahi kuambiwa walisema nini.

Tangu siku hiyo wameshikana. Mke wangu huenda Mabanga bila mimi, anarudi na ndizi na mayai, na yale mengine yaliyofuata yaliangulika vizuri. Ndicho nilichokuwa nakitaka miaka kumi na miwili, na sina haki ya kulalamika. Mama hanipigii simu tena. Humpigia yeye.

Mwezi uliopita nilikutana mjini na mtu wa nyumbani akanipa pole kwa kulazwa kwa mama. Nikamwuliza kulazwa wapi. Alishangaa. Mama alikuwa amelazwa siku tatu huko Bungoma, na alikuwa tayari ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mke wangu ndiye aliyekwenda kumhudumia, na mimi alikuwa ameniambia anakwenda kwao Endebess.

Nilimkuta jikoni. Nilimwuliza kwa nini hakunieleza, mama yangu mzazi.

"Nilitaka," alisema. Alikuwa na huruma usoni, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Yeye ndiye alikataa. Alisema, 'Huyo mwache na muziki yake.'"