Fundi Aliyeacha Kuzunguka

Kilichokosekana kwanza ni mlio wa viatu vyake. Kwa miaka mingi fundi wa kompyuta wa kliniki ile ya Nakuru alizunguka meza kwa meza, akigonga mbao mara mbili kabla ya kugusa mashine, akipuliza vumbi kwenye vibonye, akisema kwa sauti ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala: "Mathe," alivyowaita akina mama wa ofisi, "niazime kiti." Kisha akaandika maagizo ya kuzitunza mashine, akayaweka mahali pamoja kwenye mtandao wa ofisi, na kompyuta zote kumi na nne zikawa zinayasoma na kuyatimiza zenyewe. Hakuzunguka tena. Nazneen, karani wa rekodi, alimtania: "Umekuwa boss wewe, siku hizi unafanya kazi umekaa!" Alicheka tu, akijipangusa viganja kwenye suruali.

Januari 2008, fundi akiwa amehama na familia yake kwa sababu ya ghasia za baada ya uchaguzi, umeme uliunguza kompyuta ya Nazneen. Ndani yake mlikuwa na orodha ya wagonjwa wa kisukari waliotawanyika katika kambi za waliokimbia makwao, na dozi ya kila mmoja. Alimpigia fundi simu akilia. "Kaa kwa mashine yoyote, mathe. Andika jina lako tu." Akaandika. Orodha ikafunguka, mstari kwa mstari. Kila jioni maagizo yale yalikuwa yakiinakili kwenye mtandao wa ofisi. Nazneen akaanza kumsomea majina ya wagonjwa, mmoja mmoja, naye akasikiliza mpaka la mwisho. Sasa fundi yuko Kitale, anafundisha kompyuta katika shule ya wasichana.