Baba Mkwe Alikatwa Panga Mlangoni Kwangu

Admin, nifichie jina langu, maana Kyela ni ndogo na ukoo wa mume wangu una masikio. Nina miaka thelathini na mbili, mke wa ndoa, mama wa watoto wawili. Tunaishi upande wa Busale, kiwanja kimoja na wazazi wa mume wangu. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani anakuja kama mgeni. Mimi si mpole, nawaambia mapema msije mkanipamba bure.

Nyumba yetu ni chumba na sebule, na watoto wamekua. Nyuma kulikuwa na banda la majembe, magunia na pampu ya kupulizia kakao. Nilikuwa naona kwenye simu watu wanavyogeuza mabanda kuwa vyumba vya kuringia, nikatamani mpaka usingizi ukapotea. Mume wangu akakubali. Tukatoa makorokoro na panya wake, fundi akapiga lipu, akamwaga sakafu, akaweka dari nyeupe na madirisha makubwa ya vioo. Rangi ya krimu nilipaka mwenyewe. Nikaingiza kitanda, sofa dogo, zulia na mapazia marefu. Majirani walikuja kupiga picha humo, na mimi nililia kwa furaha.

Kosa likawa mlango. Ule wa zamani ulitazama migombani, giza tupu, na joto la Kyela mnalijua. Nikamwambia fundi auzibe, afungue mwingine upande wa upepo. Sasa kwetu Wanyakyusa, hasa familia zinazoshika mila kama hii, mkamwana haonani na baba mkwe wake. Tangu niolewe, nikimsikia mzee anakohoa nachepuka, najifunika kanga. Hatukuwahi hata kusalimiana. Na mlango wangu mpya ulitazama moja kwa moja benchi analokaa akianika kakao. Upepo ulinipofua. Nilipogundua nikaweka pazia zito, nikaona yameisha.

Kumbe mdogo wa mume wangu alikuwa ameumia. Hilo banda ndilo lilikuwa lake la kujibwaga akilewa. Alipolikosa, heshima ya baba yake ikamwingia ghafla, ikawa kila akinipita ni matusi. Asubuhi moja watoto wako shule, mama mkwe yuko kwenye mpunga, nikasikia vioo vinapasuka. Shemeji huyo, na panga mkononi.

"Gwe mwanamke, unamvua baba yangu nguo!"

"Baba yako kalalamika kwa nani? Wewe unalilia pa kulala!" nikamjibu. Mdomo wangu huu.

Akavunja madirisha yote, akachana sofa, akanishika nywele akaniburuza hadi nje. Alinipiga teke la tumbo nikaona giza. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake, nikaokota mpini wa jembe nikamtandika begani. Akainua panga.

Hapo ndipo baba mkwe akatokea. Mzee anayetembea kwa kujikongoja, siku hiyo alikimbia. Akasimama katikati yetu, akainua mkono. "Mwanangu, weka chini!" Panga likashuka hivyo hivyo. Lilimpasua kuanzia karibu na kiwiko hadi kifundo cha mkono, nikaona mfupa. Shemeji akalitupa akakimbia. Nikavua kanga nikamfunga mzee, nikampakata kichwa huku napiga mayowe. Majirani walipofika, wengine walianza kuguna kwamba mkamwana amemshika baba mkwe, kabla ya kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali.

Polisi walipomhoji, mzee akasema alijikata mwenyewe akifyeka. Nilipopeleka uji hospitali nilitaka nimkabidhi mama mkwe mlangoni, lakini mzee akaniita ndani. Akanitazama usoni, mara ya kwanza.

"Ndaga, asante mwanangu," akasema. "Mkono utapona. Yule ni damu yangu, usinifungie. Sema kama nilivyosema mimi."

Nikapiga magoti, nikamsogezea uji.

Mume wangu anasema kwenye simu, "Ukimficha huyo mshenzi, usinihesabu mume." Polisi wanasubiri maelezo yangu, na shahidi ni mimi peke yangu. Shemeji alivuka mto Songwe kuingia Malawi, akatuma ujumbe kwamba hajamalizana na mimi. Namwamini, anapotishia hatanii.

Nyumbani wanangu wanalala na mimi kwenye chumba hicho, madirisha nimeyaziba kwa turubai, shoka liko chini ya kitanda. Nikisema ukweli, ninamwumbua mzee aliyepokea panga lililokuwa langu, na ninamfungia mwanawe. Nikinyamaza, huyu anarudi kumalizia, na watoto wamo ndani.

Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngemtii mzee au mngekwenda kituoni? Nijibuni haraka. Jana jioni kuna mtu kamwona mpakani Kasumulu, ameshavuka kurudi upande wetu.