Ulezi wa Ngumi wa Mama Aryemo

Mama Aryemo alipomzika mama yake kule Kitgum, ndugu zake waligawana mbuzi, godoro na redio. Yeye aliomba masuke ya ulezi yaliyokuwa yananing'inia juu ya mafiga. Walimcheka: "Mke wa polisi wa Kampala anataka ulezi!" Akayafunga kwenye kanga, akapanda basi akiwa ameyapakata kama mtoto mchanga.

Ni miaka mitatu sasa. Anakaa Kyebando, hapa Kampala, chumba cha pili kutoka changu. Mumewe polisi alikufa zamani, ila kwao bado ni mke wa polisi. Ana mikono mikubwa, hana maneno mengi, na akicheka hufunika mdomo kwa sababu ya jino lililong'oka. Heritier wangu alipoanza kukataa ziwa, ni yeye aliyemlisha uji wa kwanza, kijiko kwa kijiko, akimwimbia Kiacholi. Mimi huniita nyara, yaani binti yangu kwa lugha yao.

Tuko watu kumi na wawili tunaolima ulezi bondeni. Unga wetu unapendwa na wenye watoto wadogo kwa sababu hatupulizi dawa za dukani. Mwenyekiti wetu ni Kakule, Mkongo mwenzangu, anayepika maharage ya kuuza Kisugu. Yeye ndiye aliyetuchagulia mbegu. Vidole vya masuke yake viko wazi kama mkono uliokunjuliwa, na mvua ikikatika upepo unapita katikati ukayakausha. Ulezi wa Mama Aryemo vidole vyake vimejikunja kama ngumi. Unazaa sana, ndege hawauwezi, na uji wake ni mtamu hata bila sukari. Ila ngumi inashika maji.

"Mama, mbegu hiyo imezoea jua la kwenu," Kakule alimwambia siku ya kupanda. "Hapa bondeni ukungu utaimaliza."

"Wewe nakula maharage yako," alimjibu. "Mimi nakula ya mama yangu."

Watu wakacheka, Kakule naye akacheka, mambo yakaisha hivyo.

Lakini kuna kitu nilikuwa nimekiona, nikanyamaza. Masuke ya mbegu aliyatundika juu ya sigiri yake, kama mama yake alivyoyatundika juu ya mafiga. Mafiga ni ya kuni, yana moshi. Sigiri ya makaa haina moshi wa kukausha kitu. Ina mvuke wa sufuria tu. Siku moja nilienda kuomba chumvi, nikaona maji yakidondoka kutoka kwenye mabati juu ya yale masuke, na katikati ya vidole kuna vumbi la kijivu. Nilitaka kusema. Nikawaza, mimi nimeishia darasa la sita, yeye ni mtu mzima, na mbegu ni ya marehemu. Nikachukua chumvi yangu nikatoka.

Mwezi wa tano mvua haikupumzika. Majani ya shamba lake yakatoka madoa yenye umbo la jicho, katikati kijivu, pembeni kahawia. Baadaye shingo za masuke zikawa nyeusi, zikainama. Ukiminya ngumi, ndani makapi.

Ijumaa Kakule alikuja shambani, akavunja suke moja, akalinusa. Siku hiyo hakucheka.

"Mama Aryemo, upepo ukivuma unatoka kwako unakuja kwetu. Mpaka Jumapili uwe umeng'oa."

"Yote?"

"Yote. Usipong'oa, kikundi kitang'oa."

Alipoondoka, Mama Aryemo alikaa kwenye tuta, miguu ndani ya matope. Kwenye chumba chake halikubaki hata suke moja. Mbegu yote alikuwa ameipanda. Nilimwonea huruma, nikasema jambo ambalo mpaka leo linanichoma.

"Mama, dukani kuna dawa ya ukungu. Ukipuliza mapema asubuhi, nani atajua?"

Alimtazama Heritier mgongoni kwangu. Mtoto alikuwa ameshika bua la ulezi, analitafuna.

"Huyu atajua," alisema.

Jumamosi tuling'oa, mimi na yeye. Kila mche aliuangalia kwanza, shingo, halafu majani, kama mtu anayetafuta jamaa yake katika umati. Kwenye ukingo wa juu, penye jua na mteremko, alikuta masuke tisa yasiyo na doa. Aliyatia kwenye kanga, mbali na mengine. Mengine yalikuwa yamelowa, hayakukubali kuwaka, tukachimba shimo refu tukayafukia.

Nikiwa nimeinama nilimwambia. "Mama, nilikuwa nimeuona ule ukungu. Juu ya sigiri. Sikusema."

Alisukuma udongo shimoni kwa mguu.

"Mimi pia naliona," akasema. "Nikasema, mama yangu nafanya hivi kila mwaka. Mama yangu hapana kosea."

Kama ugonjwa ulitoka kule Kitgum, au jikoni, au mvua ya bondeni, hatukujua, na hatujui.

Yale masuke tisa tuliyakausha juani siku nne, tukiyaanua kila wingu likija. Tukayapura, tukamwaga punje kwenye beseni la maji ya chumvi. Punje tupu na zenye ugonjwa huelea. Zilielea nyingi sana. Alizikomba kwa kiganja, akazikomba tena, na zilizobaki chini hazikujaza kikombe cha chai. Tukazisuuza, tukazianika, akazifunga kwenye kitambaa, fundo dogo kama kitunguu.

"Kwangu hapana," alisema. "Na wewe, nyara, iko na sigiri kama mimi. Kakule napika na kuni."

Tukaenda Kisugu. Kakule alikuwa anakoroga pipa la maharage, macho mekundu. Alilitazama lile fundo muda mrefu.

"Hii hairudi bondeni, Mama."

"Najua."

"Na isipoota?"

Alimsogezea lile fundo. Kakule akafuta mikono, akapanda kwenye kiti, akalifunga kwenye mti wa paa. Alitukaribisha maharage, Mama Aryemo akakataa hata kukaa. Alisimama mle moshini, macho yanamtoka maji, ameinua kichwa.

"Shusha kidogo," alimwambia. "Moshi napita pembeni."