Punda wa Matanga

Punda wangu wa kwanza nilimpata msibani. Wenzangu walirudi makwao na mabaki ya wali kwenye vyombo, mimi nikarudi na punda jike mwenye kidonda shingoni ambacho ngumi ingeingia, na kila aliyekuwepo alicheka mpaka akashika mbavu. Mwenye punda naye alicheka. Kucheka kulimwisha baadaye.

Siku ya kwanza kumwona alikuwa anapigwa. Nilikuwa nimekwenda shambani kwangu, kijiji kimoja cha barabara ya Namtumbo, maana nyumba yangu iko Ruhuwiko lakini mahindi yangu yako huko. Jirani yangu wa shamba ni mkulima wa tumbaku, Myao aliyetoka Tunduru akaoa huku akabaki. Mtu wa maneno mengi, swala tano hazimpiti, na mkono wake mwepesi. Alikuwa na maksai wawili. Mmoja alipokufa, akanunua punda, akamfunga pamoja na yule aliyebaki wavute mkokoteni wa kuni za bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto. Bani likishawashwa halizimwi mpaka majani yakauke, kwa hiyo kuni haziishi kuhitajika, na punda alikuwa hapumziki.

Nira ilikuwa ileile ya ng'ombe. Hakuna aliyeona ubaya wake, kwa sababu huku kwetu mnyama wa kuvuta ni ng'ombe, na nira ni nira. Lakini ng'ombe ana nundu, ule mti unapata pa kuegemea. Punda hana nundu. Mti ulikuwa umekaa juu ya mfupa wa shingo, unasaga, na kadiri unavyosaga ndivyo punda alivyosimama, na kadiri alivyosimama ndivyo alivyoitwa mkaidi.

Siku hiyo gurudumu lilikuwa limezama kwenye mtaro na jirani yangu alikuwa anampiga kwa mpini wa jembe. Hakumpiga matakoni. Alimpiga kichwani. Nilisikia mpini kabla sijawaona, nikadhani mtu anapasua kuni. Punda hakulia wala kuruka, alifumba macho tu, na damu ilikuwa inamtoka puani ikidondokea kwenye vumbi.

"Mtani, unaua!" nikapiga kelele.

"Mngoni kwa kunusa nyama!" akajibu bila kugeuka. "Panya wa wilaya nzima mmemaliza, sasa umemkazia macho punda wangu?"

"Afadhali mla panya, mtani, kuliko babu yako aliyeuona mkuki akakimbilia Tunduru. Mpaka leo hajajitokeza."

Tukacheka. Ndivyo ilivyo kati yetu. Babu zake na babu zangu walichinjana, sisi wajukuu tukaachiwa utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kukuchukulia kitu chako mkononi, na huna ruhusa ya kukasirika. Hasira ndiyo kosa lenyewe.

Alipomaliza kucheka alijifuta jasho akaniambia kwamba msimu ukiisha atamwuza. Kuna watu wanapita vijijini wanatafuta ngozi za punda. Wanachinja porini, wanachukua ngozi, mengine wanawaachia fisi. "Masika mengine hayaoni huyu," akasema, akainua mpini tena. Nilirudi Ruhuwiko na kiroba cha maboga, nikapika, nikashindwa kula. Nina hasira za karibu, nyumbani wote wanajua, lakini hizo hazikuwa za karibu. Zilikaa siku nyingi.

Kisha mama yake jirani yangu akafariki. Sisi watani tulikwenda, maana msiba wa mtani ni kazi yetu. Tulichota maji, tukapika, tukafanya na vurugu zetu zote. Mmoja wetu alijilaza njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Mwingine alivaa viatu vya shekhe akaenda navyo mpaka kisimani. Watu waliokuwa wanalia walijikuta wanacheka huku kamasi zinawatoka, na hiyo ndiyo dawa yenyewe. Na kuna sheria moja ambayo kila mtu anaijua: kitu alichokishika mtani msibani kinakombolewa kabla matanga hayajaanuliwa, hata kwa kuku mmoja. Kisipokombolewa, kimekwenda.

Siku ya kuanua matanga nilikwenda zizini nikamfungua punda. Nilimfunga kitenge changu kichwani kama bibi harusi, nikamwongoza mpaka kwenye mkeka wa wanaume.

"Huyu ni mke mwenzangu," nikatangaza. "Mume wetu ni mlevi. Namhamishia mjini."

Mkeka mzima ulianguka kwa kicheko. Mdogo wake jirani yangu, kijana mpole anayefanya biashara ya korosho, hakucheka sana. Aliinama akamnong'oneza kaka yake, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia. "Kaka, toa kuku. Mkomboe sasa hivi."

"Niache," akasema mwenye punda. "Mtani, mchukue! Wallahi atakung'ata utamrudisha mwenyewe kabla ya Ijumaa."

Dua ikasomwa, matanga yakaanuliwa, kuku hakutolewa. Niliondoka kwa miguu na kamba mkononi, na sikugeuka nyuma, nikiogopa mtu atakumbuka.

Nilikuwa na genge la chakula karibu na stendi, na kila siku maji na kuni vilikuwa vinaniua mgongo. Nikajiambia huyu atanibebea madumu. Kwanza nitamtibu, nitamlisha, atanizoea, atanipenda. Huo ulikuwa upumbavu wangu. Juma la kwanza alining'ata bega juu ya sweta mpaka meno yakaacha alama nyeusi. Alivunja mbao za banda. Mbwa wa jirani aliingia kumbwekea, punda akamtandika teke moja la taya, mbwa akajiburuta mpaka kwenye mchongoma akafia hapo. Nililipwa matusi kwa ajili ya mbwa huyo mwezi mzima. Mimi mwenyewe teke lilinipata ubavuni nilipokuwa nainama kuokota ndoo, na hata leo nikikohoa nalisikia.

Kila asubuhi nilimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, kisha nikampulizia ile dawa ya buluu ya duka la mifugo. Kila asubuhi ilikuwa vita. Nilimfunga kwenye mwarobaini, kamba fupi, nikamtukana kwa Kingoni na kwa Kiswahili, yeye akinitafuta kwa meno. Nilitaka mnyama wa kunichotea maji, nikawa namchotea maji yeye. Majirani walipita getini wakiniuliza, "Mama, mwenzio kaamkaje?" Lakini kidonda kilipungua. Kiliota ngozi changa juu yake, nyembamba kama ya kitunguu, na siku nilipoiona nilikaa kwenye ndoo nikalia kwa furaha.

Ngozi hiyo ilikuwa haijakomaa mtani alipokuja. Ilikuwa asubuhi, nimewasha moto, naona pikipiki inasimama getini. Mtani mbele, mdogo wake nyuma, na nira ya ng'ombe imefungwa kwenye kiti kwa mpira. Msimu wa kukausha tumbaku ulikuwa bado haujaisha. Mkononi alikuwa na kuku anayening'inia kichwa chini.

"Mtani, kuku wako huyu," akasema. "Nimekuja kukomboa."

"Shikamoo ya kaburi la mama yako ndiyo ungekuja nayo. Matanga yameanuliwa zamani."

"Utani nao una mwisho, mama. Bani langu linataka kuni."

"Na wewe unataka ngozi."

Alimkabidhi mdogo wake kuku, akafungua nira, akaitupa katikati ya uwanja wangu. Punda siku hiyo alikuwa kwenye kamba ndefu, anakula pumba. Sikuwa na wasiwasi naye. Nilijisemea kimoyomoyo, msogelee uone, atakutoa utumbo.

Yule bwana alipiga ulimi kwenye meno, mara moja. Punda aliacha pumba. Akatembea uwanja mzima, taratibu, masikio yamelala, akafika kwenye nira, akasimama upande wake wa kushoto, akainamisha shingo.

Nilimchukia. Sijawahi kumchukia mtu nilivyomchukia mnyama yule wakati ule, kwa sababu shingo ile niliijua. Niliwahi kuwa na mume. Nilirudi kwake na mdomo una nyuzi za hospitali, nimebeba kifurushi changu mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono kunipeleka. Nikarudi tena na jicho lisilofunguka. Watu waliniuliza unarudia nini kule. Nilijua mkono wake unavyoshuka, nilijua saa zake. Nyumba nyingine sikuijua. Kila nilipoondoka kwetu mama alikuwa anafagia uwanja, na kila mara alisema, "Nenda mwanangu, ndiko kwako." Yule mume alikufa kwa pombe, si kwa akili zangu. Mimi kuondoka sikuwahi kuondoka.

"Umeona?" mtani akacheka. "Mwenyewe anakujua kwao." Na kwa kuwa punda hakugeuka haraka kama alivyotaka, alimchapa kwa kijiti cha nira, palepale shingoni. Ile ngozi changa ikapasuka. Nilisikia ikipasuka.

Mchi ulikuwa umeegemea kinu. Sikumbuki kuuchukua. Nakumbuka ulivyotua begani kwake na jinsi mfupa ulivyojibu, na yeye akapiga magoti, na kuku akaruka huku na huku akiacha manyoya. Nikainua tena. Nilitaka kichwa. Nasema ukweli, nilikitaka kichwa chake kama alivyokitaka cha punda. Alijiviringisha, akafika kwenye pikipiki, akachomoa panga la kukatia kuni. Mimi nikaacha mchi nikaikamata kamba ya punda, maana niliona macho yake, na nikadhani anamkata punda. Alinikata mimi. Panga lilipita kiganjani, mkono wa kulia, likakata kamba na vidole viwili pamoja. Kimoja kilibaki kinaning'inia kwa ngozi. Kingine alikiokota jirani baadaye akakifunga kwenye jani la mgomba, hajui akiweke wapi.

Mdogo wake alimrukia kwa nyuma wakaanguka wote. Alimpiga kaka yake ngumi ya mdomo, ya pili, ya tatu, huku analia. "Umemkata mtani! Kaka, umemkata mtani! Mtani hakatwi!"

Kelele ikaleta watu. Ruhuwiko ukiona mgeni, panga na mwanamke anatoka damu, huulizi. Mtu akapiga yowe la mwizi, na yowe hilo likishapigwa hakuna mwenye masikio. Tofali la kwanza lilimpata mgongoni, la pili likampasua utosi. Mmoja alikuwa ameshakwenda kwenye tenki la pikipiki kuchomoa petroli. Yule mdogo alimlalia kaka yake kwa kifua, akisoma shahada kwa sauti.

Ningeweza kunyamaza. Niliwaza kunyamaza, na wazo lilikuwa tamu. Kisha nikajikuta katikati yao, natapakaza damu kwenye mashati yao, nalia, "Si mwizi! Ni mtani wangu! Mwacheni, ni mtani wangu!" Walisimama kwa shida. Mwenye tofali alinitazama kama nimerogwa.

Wakanyanyuliwa. Mtani alikuwa hawezi kuinua mkono, na meno mawili ameyashika kwenye kiganja. Hakunitazama. Mdogo wake ndiye aliyesema, mbele ya mtaa mzima, "Damu ya mtani haina utani. Punda ni wako, mama. Hata akifa, hatumfuati." Akaiacha nira ilipokuwa, akampakia kaka yake kwenye pikipiki, akamfunga kwenye mgongo wake kwa shuka asianguke, wakaondoka kuelekea hospitali.

Hapo ndipo punda alipolia. Hakuwa amelia siku ya mpini, wala siku moja nilipomwosha. Aliona pikipiki inapita getini akalia, akatimua mbio kuifuata. Kipande cha kamba kilichobaki shingoni kilinipita, nikakidaka kwa mkono wa kushoto. Akaniburuta kwa tumbo uwanja mzima, juu ya vipande vya matofali, mpaka getini, na hapo nikatia miguu kwenye nguzo.

"Mwachie, mama!" wakapiga kelele. "Unaishiwa damu! Mwachie aende!"

Nilijizungushia kamba kiunoni, nikakaa chini, mgongo kwenye nguzo. Alivuta. Aliposhindwa kunivuta aligeuka akaning'ata bega, lilelile, na safari hii hakuachia haraka. Niliacha ang'ate. Mwanamke wa jirani alinifunga kiganja kwa kanga yake, akilia, akiniuliza namng'ang'ania mnyama huyu wa nini, si anataka kwenda.

Mama yangu alikuwa na mikono yake yote miwili kila asubuhi niliyotoka na kifurushi, akaitumia kushika ufagio. Mimi siku ile nilibakiwa na mmoja. Nilishika kamba mpaka punda akachoka.